Mapema, kuwahi, njiti au changa? Jinsi ya kusema kitu kimekuja kabla ya wakati

Naona siku hizi watu wakitaka kusema kitu kimetokea kabla ya muda wake wanaandika "mapema" basi, mtoto kazaliwa mapema, maembe yamechumwa mapema, mzee kafa mapema, na hapo tunakipunja Kiswahili maana mapema ni sifa. Ukifika hospitali ya Bombo alfajiri kupanga foleni umefika mapema, umewahi, hongera. Kama kuna kasoro sema mapema mno, au kabla ya wakati.

Pima kwa futari. Hapa Tanga kila mfungaji anajua kuwahi kufuturu ni suna, jua likizama tu unashika tende yako, lakini ukila makusudi dakika mbili kabla halijazama hapo hujawahi, umefungua kabla ya wakati na funga ya siku hiyo imeharibika.

Kwa mtoto neno ni njiti, yaani aliyezaliwa mimba haijatimiza wiki 37. Hapa naomba tuwe makini jamani, aliyetimiza wiki zake ila kazaliwa chini ya kilo 2.5 sio njiti, huyo ana uzito pungufu, na wapo wanaozaliwa na yote mawili. Wala usiseme mtoto mchanga ukidhani ndo hiyohiyo, mchanga ni yeyote aliyezaliwa juzijuzi hata kama katimiza miezi tisa yake.

Tunda je? Changa. Embe changa, maembe machanga, na usichanganye na bichi, embe bichi linaweza kuwa limeshapevuka ila halijaiva, hilo ukilivundika linaiva vizuri tu, lakini changa hata ulivundike wiki nzima litasinyaa na uchachu wake. Ukienda kununua kwa jumla Muheza uliza "yamepevuka?", usiulize yameiva.

Kwenye msiba mimi siandiki kabisa "kifo cha kabla ya wakati", wafiwa wengi huku wanaamini siku ya mtu imeshaandikwa, andika "ametutoka akiwa bado kijana" inatosha.

Na mtumishi wa serikali akiondoka kazini na miaka 55 usimwandikie kastaafu kabla ya wakati kana kwamba kuna jambo, sheria inamruhusu, kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi ni 60. Sema kastaafu kwa hiari.