Mkojo unaponyoka ukikohoa: somo la kukaza misuli ya nyonga

Dada zangu wa Uyole, Mwanjelwa na kote huku nyanda za juu, leo sizunguki. Baada ya uzazi wangu wa tatu, kila nikiinua ndoo ya viazi mkojo uliniponyoka. Miaka miwili nilitembea na khanga ya akiba kwenye kikapu nikidhani ndiyo hali ya mwanamke aliyezaa. Sivyo. Misuli inayobeba kibofu na kizazi kwa chini imelegea, nayo hufundishika.

Zoezi lenyewe daktari Arnold Kegel wa Marekani aliliandikia tangu 1948. Uchambuzi wa 2018 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti nyingi za afya, ulikuta kwamba kati ya wanawake 100 wenye shida kama yangu waliofanya mazoezi, 56 hivi walisema wamepona, wasiofanya, 6.

Kwanza, itafute misuli. Lala chali, kunja magoti. Jifanye unazuia upepo usikutoke mbele ya mkwe, na papo hapo unakatisha mkojo. Utasikia kitu kinajikunja na kupanda ndani. Tumbo, mapaja na makalio yatulie. Ukijikuta umebana pumzi, achia uanze upya. Kosa letu kubwa ni kusukuma chini badala ya kuvuta juu. Kama huna hakika, nawa mikono, ingiza kidole ukeni, ukaze. Kidole kikibanwa, umeipata.

Pili, kaza na uhesabu. Mwanzoni huenda ukaishia 3, si neno. Legeza kabisa kwa hesabu ileile. Rudia mara 8, kutwa mara tatu, ukipanda taratibu hadi sekunde 10. Mimi nilifanya kitandani asubuhi, mchana nikisubiri wateja, na usiku.

Tatu, kaza kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kujitwisha ndoo. Hili ndilo lililoniokoa mapema kuliko yote.

Jipe miezi mitatu bila kuruka siku.

Maswali ya wanachama

*Tukuyu: Shikamoo dada. Nimepunguza maji ili nisilowe njiani. Nakosea?*
Marahaba mdogo wangu. Unakosea. Mkojo mzito hukikera kibofu, na choo kigumu kitakufanya ujikamue, misuli izidi kuchoka. Kunywa maji, punguza kahawa na chai kali.

*Mafinga: Naweza kujizoeza kwa kukatisha mkojo chooni?*
Hapana, usifanye mazoea, kibofu kitabaki na mkojo.

*Mbozi: Mdogo wangu alikaa na uchungu siku mbili ndipo akajifungua. Sasa mkojo unamtoka usiku na mchana, hata akilala. Aanze zoezi?*
Pole sana mama. Asianze zoezi, mpelekeni hospitali. Hiyo inaelekea ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hakuna kukaza kunakoziba tundu. Kama amejifungua juzijuzi, nendeni leo hii: tundu dogo likiwahiwa huweza kujiziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu. Likichelewa, ni upasuaji, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huufanya bila malipo. Mume au wakwe wakimtenga, mchukue akae kwako mpaka siku ya safari.