SOMO: Kuchuchumaa na magoti. Someni kabla ya kuuliza

Wakuu, naandika mara moja iwe basi, maana kila nikienda tizi Raskazone, hapa Tanga, naulizwa kama kuchuchumaa kunaua magoti. Goti zima haliuawi na kuchuchumaa. Bibi zetu wamechuchumaa chooni na jikoni hadi uzeeni. Kinachoumiza ni pupa. Msuli hupata nguvu ndani ya wiki chache, kano huchukua miezi.

1. Pasha mwili moto. Kutembea dakika tano kunatosha.

2. Kaa, simama, kwenye kiti. Mara kumi, raundi tatu.

3. Chuchumaa bila kiti. Visigino chini, goti lielekee vidole vinakoelekea. Goti kupita vidole si kosa. Mwaka 2003 Wamarekani walipima watu waliochuchumaa wamebeba chuma begani: kibao kilipozuia magoti yasipite vidole, mzigo wa goti ulipungua kwa asilimia 22 hivi, ila wa nyonga ukawa zaidi ya mara kumi.

4. Mguu mmoja. Hapa ndipo vijana wanapoharibu: wameona video, wananyoosha mguu mbele, wanashuka puu, kesho yake wanashuka ngazi kinyumenyume. Anzia kwenye kidato kifupi cha ngazi. Simama kwa mguu mmoja, ule mwingine uning'inie, shuka kwa sekunde tatu mpaka kisigino cha mguu unaoning'inia kiguse chini, panda. USIDUNDE ukifika chini. Goti likianza kuingia ndani, raundi imeisha hata kama hujamaliza hesabu. Na usiongeze kimo na idadi siku moja.

Maumivu yape alama 0 hadi 10. Mpaka 3 endelea, mradi kesho yake yawe yametulia. Goti likivimba, likikwama au likikuachia, acha, nenda hospitali.

MASWALI

– Mkuu, kwa hiyo ya mguu mmoja ni salama au si salama?
Soma namba 4.

– Nimesoma, nataka jibu la moja kwa moja.
Hujasoma.

– Kaka, magoti yangu yanalia ko-ko nikishuka, ila hayaumi.
Kama hayaumi wala hayavimbi, usihangaike nayo, dada. Magoti ya wengi hulia.

– Mwalimu wetu wa michezo alitukataza kushuka zaidi ya pale mapaja yanapokuwa sambamba na ardhi. Alitoa wapi?
Swali zuri. Mwaka 1961 Karl Klein wa Chuo Kikuu cha Texas alidai kushuka hadi chini hulegeza kano za goti. Waliopima baadaye hawakuuona ulegevu huo, ila katazo likabaki mashuleni.

– Mama yangu anapata tabu kuinuka kwenye sijda.
Mpe pole. Kwanza aonwe na daktari, kisha namba 2, kiti kirefu na mto juu yake. Akizoea, ondoa mto. Kwa sasa aswali kwenye kiti, mwenye udhuru anaruhusiwa.

– Mimi sichuchumai, naendesha baiskeli Pongwe mpaka mjini. Goti linauma kwa mbele.
Tazama kiti, huenda kiko chini mno. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Usiponyooka, pandisha.

– Kimeshika kutu, hakipandi.
Legeza nati, mimina mafuta ya taa, acha mpaka asubuhi, kisha kizungushe huku unavuta. Usigonge kwa nyundo.