SOMO: Kupima uwezo wa mwenye goti lililosagika

Wadau, eksirei peke yake haitoshi. Kuna goti ambalo kwenye picha limekwisha kabisa na mwenyewe anapanda ngazi, na kuna lenye mabadiliko madogo tu, mwenyewe kuinuka kitini ni kazi. Kwa hiyo muulize, kisha mtazame akifanya. Majibu ya njia hizi mbili usiyajumlishe.

Hatua ya 1: Dodoso. Liitwalo WOMAC lina maswali 24: 5 ya maumivu, 2 ya kukakamaa, 17 ya shughuli za kila siku. Lingine, KOOS, lina 42. Hapa wengi hujikwaa: kwa kawaida alama za WOMAC zikipanda hali ni mbaya, ila kwenye KOOS 100 ndiyo goti lisilo na shida.

Hatua ya 2: Kiti, sekunde 30. Kiti kiwe na urefu wa sentimita 43 hivi, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Mikono ikunjwe kifuani. Anasimama hadi anyooke, anakaa, anarudia, wewe unahesabu. Muda ukiisha akiwa amevuka nusu ya kusimama, mhesabie. Macho yako yawe miguuni: wengi husogeza mbele mguu unaouma na kuutwika mzigo mguu usiouma. Hesabu itatoka nzuri, lakini ulichokiona kiandike pembeni. Kwangu mimi, hicho kina thamani kuliko hesabu yenyewe.

Hatua ya 3: Mita 40. Weka alama mbili, mita 10 kati yake. Atembee haraka awezavyo bila kukimbia, mara 4. Muda wa kugeuka usiuhesabu. Gawa 40 kwa sekunde: aliyetumia 32 ana mwendo wa mita 1.25 kwa sekunde.

Hatua ya 4: Ngazi. Pima muda wa kupanda na kushuka. Andika idadi ya vidato, na kama ameshika reli.

MASWALI

*Asipoweza kuinuka bila kujisukuma kwa mikono?*
Kikanuni amepata 0. Mpe nafasi ya kutumia mikono, uandike hivyo, na safari ijayo mpime vilevile.

*Mama anatembelea fimbo. Aiache?*
Hapana. Aje nayo, na viatu vyake vya kila siku.

*Mgonjwa wangu amebadilishiwa goti mwezi uliopita. Dodoso linasema nafuu kubwa, kwenye kiti ameshuka kuliko kabla ya upasuaji. Nimwamini nani?*
Vyote viwili, mkuu. Majibu ya dodoso hufuata sana maumivu. Yakipungua, mtu hujiona amepona. Misuli ya mbele ya paja bado ni dhaifu baada ya kisu, na kiti hakimwonei haya. Usimpunguzie mazoezi kwa sababu ya dodoso.

*Sina ngazi.*
Tumia kipimo cha kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa. Ila usilinganishe sekunde zake na za ngazi.