Kaseini ya maziwa ya kupunguza kasi ya moto kwenye pamba

Kaseini, protini ya maziwa, ina fosforasi ndani yake. Kitambaa kikishika moto, fosforasi hiyo hutoa asidi inayoifanya pamba igeuke makaa badala ya kutoa gesi zinazolisha mwali. Watafiti wa chuo kikuu cha Politecnico di Torino, Italia, walilionyesha hilo kwa vipimo miaka ya 2010. Njia hii ya jikoni inafaa vitambaa visivyofuliwa, kama mapazia ya jukwaa la shule. Nguo za watoto usizitie kabisa: dawa hii hutoka kwa maji.

1. Chukua lita moja ya maziwa yaliyoanza kuchacha. Ya kunywa yaache yanywewe. Engua malai yote, maana mafuta ni kuni kwa moto.

2. Yapashe hadi nyuzi joto 40 hivi, tia siki kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka mabonge meupe yajitenge na maji. Chuja, suuza vizuri, kamua.

3. Koroga mabonge hayo katika nusu lita ya maji ya moto yasiyochemka, pamoja na kijiko cha chai cha magadi. Yatatoa povu, kisha yatalainika polepole hadi upate uji mweupe unaonata vidoleni. Usiharakishe hapa. Vibonge vikibaki, kitambaa kitakuwa na mabaka yasiyo na dawa, na moto utapita hapohapo. Chuja tena.

4. Marekani mpya (kitambaa cha pamba kisichopaushwa) ichemshe kwanza itoke wanga, ikauke, uipime uzito. Iloweke katika uji wa kaseini dakika kumi, ikamue, uianike kivulini ikiwa imelazwa. Ukiitundika, dawa yote hushukia pindoni. Pima tena: gramu 40 zikiwa 46, umeongeza asilimia 15. Ikiwa chini ya 10, loweka upya.

5. Jaribu nje, ndoo ya maji ikiwa karibu. Kata vipande vitatu sawa, vyote vikavu: kisichotiwa kitu, kilicholowekwa maji ya magadi pekee kisha kikaanikwa, na chenye kaseini. Usikiruke cha magadi, kwani magadi yenyewe hubadilisha namna pamba inavyoungua. Kila kimoja kilaze juu ya waya, washa ncha moja, pima muda wa mwali kusafiri sentimita 10. Kisichotiwa kitu huisha na kuwa majivu. Chenye kaseini kitaungua pia, ila taratibu zaidi, kikiacha makaa meusi ambayo bado unaona nyuzi zilivyofumwa.

Kitambaa kitunze pakavu, mbali na panya na mende. Kikianza kunuka mtindi, kifue urudie hatua ya nne.