Kuhamia kwa mtu: namna ya kutumia «move in with»

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la jioni hapa Nairobi aliwahi kuandika: «After school I moved into my aunt.» Alikusudia kusema kwamba alihamia kwa shangazi yake, mtaani Umoja, lakini Mwingereza akiisoma sentensi hiyo ataona kijana aliyemwingia shangazi mwilini kama pepo.

Hatua ya kwanza ni kuanzia kwenye Kiswahili chako. «Kuhama» ni kuondoka, na «kuhamia» ni kuondoka ukielekea mahali. Kazi inayofanywa na kile kiambishi kidogo cha ndani, Kiingereza huikabidhi vijineno vinavyofuata kitenzi, ndiyo maana hatuwezi kuvipuuza.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kiini cha somo, ni kujiuliza kama kinachofuata ni nyumba au ni mtu. Nyumba huchukua «into»: «She moved into a bedsitter.» Mtu huchukua «in with»: «She moved in with her aunt.» Usipotaja nyumba wala mtu, «in» pekee yatosha, kama katika «We moved in on Saturday», sentensi ambayo jirani aliyeuona mkokoteni langoni, umepakia godoro na mtungi wa gesi, hahitaji kufafanuliwa. Kumbuka pia kwamba mwenyeji hahami. Kiima cha sentensi ni yule aliyebeba sanduku.

Hatua ya tatu ni kupima muda. Ukilala kwa shangazi wiki mbili ukitafuta kazi, hujahamia: «I stayed with my aunt for two weeks.» Wengi wetu Nairobi husema «I stay in Umoja» tukimaanisha kwamba ndiko tunakoishi, ilhali msikilizaji wa London anaweza kudhani tunapita tu, kwa hiyo mwambie «I live».

Hatua ya nne ni tahadhari. «They have moved in together» aghalabu husemwa juu ya wapenzi walioanza kuishi kinyumba, jambo tunaloliita hapa «come-we-stay», maneno ya Kiingereza ambayo Mwingereza mwenyewe huenda asiyaelewe. Kwa shangazi hakuna dhana hiyo.

Sasa jaribu hii: «Dada yangu alihamia kwetu Januari.» Wanafunzi wengi hukimbilia «our home», ingawa «kwetu» tayari imemtaja mtu: «My sister moved in with us in January.»