Namna ya kuchagua neno la ushindani, kutoka uwanjani hadi kwenye sanduku la kura

Mwandishi wa Dar es Salaam hapiti wiki bila kuandika habari ya watu wawili wanaotaka kupitana: timu mbili za ligi, watia nia wa jimbo moja, wafanyabiashara wa mtaa mmoja wa Kariakoo. Kiswahili kimempa maneno mengi ya kazi hiyo, lakini wingi huo umezaa tabia ya kuokota neno lolote lililo karibu, hasa lile lenye kishindo, na matokeo yake msomaji huambiwa kuna vita mahali penye mchezo, au huambiwa kuna mchezo mahali ambapo watu wameumizana. Kabla ya kuandika kitenzi, jiulize hawa wawili wanataka nini. Je, wanataka kitu kimoja ambacho hakigawanyiki, wanataka ijulikane nani zaidi, mmoja anataka kumzuia mwenzake, au wanatakiana mabaya? Kila jibu lina ukoo wake wa maneno.

Tuanze na kitu kinachowaniwa, maana hapa ndipo maneno yanapochanganywa mno. Kugombana, kugombea na kugombania yametoka tumbo moja, lakini hayafanyi kazi moja. Kugombana ni kukorofishana. Hakuhitaji tuzo wala cheo, na majirani wawili wa Manzese wanaweza kugombana kwa sababu ya maji machafu tu. Kugombea ni kutaka kitu ambacho wengine nao wanakitaka, na katika siasa ndilo neno rasmi: mtu hugombea udiwani, ubunge au urais. Kugombania, kwa maoni yangu, kunafaa zaidi panapokuwa na kusukumana. Katika kituo cha Mbagala Rangi Tatu, saa kumi na mbili asubuhi, abiria hugombania daladala, wengine wakiingilia dirishani. Ikifika saa tano, gari zikiwa tupu, makonda na wapiga debe ndio wanaogombania abiria, huyu akivuta mkoba, yule akimwelekeza mama wa watu mlangoni kwa kiganja mgongoni. Ukiandika kwamba makonda hao wanawania abiria, purukushani yote inapotea, kwa sababu kuwania ni neno lenye utulivu na heshima, linalopendeza pamoja na kombe, tuzo, taji au nafasi ya kucheza fainali.

Habari za uchaguzi zinadai uangalifu zaidi, kwa kuwa neno lisilo sahihi humpa mtu hadhi asiyokuwa nayo. Mwanachama aliyechukua fomu ndani ya chama chake ni mtia nia. Hajawa mgombea mpaka ateuliwe. Watia nia wawili wa chama kimoja wanaokutana katika kura za maoni ni washindani, wala si wapinzani, kwani tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992 neno mpinzani katika siasa zetu limebeba maana ya mtu wa chama kisichoshika dola, na msomaji atadhani mmoja wao amehama chama. Katika ndonga neno hilo halina shida yoyote: bondia hupanda ulingoni kumkabili mpinzani wake, na hakuna anayefikiria Bunge. Mtego mwingine ni mgombea mwenza. Wapo wanaoliandika wakiwa na maana ya mtu anayeshindana na mwingine katika jimbo moja, ilhali mgombea mwenza ni yule anayesimama pamoja na mgombea urais ili akachaguliwe kuwa Makamu wa Rais. Huyo ni mshirika, hashindani naye hata kidogo. Andika mgombea mwenzake, au mshindani wake, na utata utaondoka.

Ukoo wa pili ni wa kushindana. Shindano na mashindano ni tukio lililopangwa, lenye kanuni, waamuzi na zawadi. Ushindani ni hali, nayo yaweza kudumu miaka bila mtu yeyote kukabidhiwa kikombe. Ndiyo maana tunasema mashindano ya kuhifadhi Kurani lakini ushindani wa kibiashara, na ndiyo maana sheria ya mwaka 2003 inayosimamia mwenendo wa soko inaitwa Sheria ya Ushindani, na chombo chake kinaitwa Tume ya Ushindani. Katika ununuzi wa umma, taasisi huwashindanisha wazabuni. Kuhusu ajira, watu wanaotaka kazi waite waombaji, na wakifika kwenye usaili waite wasailiwa.

Pale ambapo hakuna kitu cha kugombewa kabisa, bali sifa tu, mwandishi apunguze kasi na asikilize wahusika wanavyosemana. Muziki wa dansi wa jiji hili unatupa mfano mzuri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na baadaye ikajulikana kwa jina la Msondo Ngoma, na Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978 na kuitwa Sikinde na mashabiki wake, zimeshindana kwa miongo mingi bila ligi wala msimamo. Siku zinapowekwa ukumbi mmoja, huwa zimepambanishwa, na maneno yanayofaa hapo ni kuoneshana kazi, kupigana vijembe na kutambiana. Hayo yana ushindani ndani yake, lakini yana furaha pia.

Nimeliacha makusudi neno hasimu, kwa sababu ndilo linaloniudhi ninapoliona likitumika ovyo. Hasimu ni mtu mliyevunjikiana naye, na uhasama humaanisha kwamba kuna chuki au dhara lililokwisha kutendeka. Sasa tazama Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, moja ikiwa na makao Jangwani na nyingine Msimbazi, zote Kariakoo. Katika nyumba moja baba ni wa kijani na mama ni wa nyekundu, na wanakula sinia moja. Mashabiki wenyewe walikwisha kupata jina lao, watani wa jadi, na jina hilo halikuokotwa. Utani ni taasisi: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani anaweza kumzomea mwenzake hata msibani, akadai fidia ndipo jeneza lipite, na hakuna anayekasirika, kwa kuwa mtani huyohuyo ndiye anayebeba maji na kuchimba kaburi. Mwandishi anayeziita timu hizi mahasimu anaifuta taasisi hiyo yote kwa neno moja. Neno hasimu libakie kwa makundi yaliyopigana kweli, kwa koo zinazodaiana damu, kwa wanasiasa ambao hawapeani mkono hata kwenye maziko.

Tukishakubaliana hivyo, uwanjani pana uhuru mkubwa. Kabla ya mechi timu humenyana, huvaana au hushuka dimbani kupimana ubavu. Mchezo wenyewe ni mchuano, mpambano, mtanange au kipute. Haya mawili ya mwisho yana ladha ya kijiwe, kwa hiyo yanafaa kichwa cha habari kuliko taarifa rasmi ya klabu. Mechi ikiisha sare, timu zimetoshana nguvu. Neno kinyang'anyiro lina kunyang'anya ndani yake, kwa hiyo lihifadhi kwa hatua ambayo washindani ni wengi na nafasi ni chache. Timu mbili peke yake haziko katika kinyang'anyiro.

Mwisho, pima umbali kati ya wanaoshindana, kwa kuwa Kiswahili kina maneno ya kila hatua. Wanaopishana pointi moja au mbili wanakabana koo. Pengo likiwa la pointi tano au sita huku mechi zikiwa nyingi, wanafukuzana, na yupo anayefukuzwa. Lakini pengo likifika pointi 13 zikiwa zimesalia mechi nne, usiandike tena kuwa timu ya pili inawania ubingwa: mechi hizo haziwezi kuizalishia zaidi ya pointi 12, na kinachobaki kuandikwa ni kwamba ya kwanza imetwaa taji na ya pili inaanza kuilinda nafasi yake dhidi ya ya tatu.