Mto wa kroshia wa mlangoni: usiujaze ukashiba

Kwa sisi wa nyumba za mlimani hapa Mwanza, ambao Juni na Julai upepo wa usiku unatuingilia chini ya mlango na vumbi lake: ukifuma mto wa kroshia wa kuziba ule uwazi, ujaze mchanga robo tatu tu. Mto ulioshiba unakakamaa kama gogo na kugusa sakafu kwa mstari mwembamba. Wenye nafasi ndani unalala, unafuata mabonde ya saruji na kujibana kwenye mlango. Uwe mrefu kuliko upana wa mlango, ufike kwenye fremu pande zote mbili.

Kroshia ina matundu, kwa hiyo mchanga unaingia kwanza kwenye mfuko wa khanga kuukuu ulioshonwa mara mbili. Kroshia inabaki kuwa foronya tu, acha vifungo upande mmoja uivue kufua. Mchanga wa ziwani unafaa, hauna chumvi; uchekeche na uuanike ukauke kabisa. Pumba za mpunga zipo bwerere, ila ni nyepesi mno, na panya watakushukuru.

Mto huu haufanyi kazi ukitoka, maana huwezi kuupanga ukiwa nje. Maji ya mvua yakiingia kwa chini, unayanyonya na kunuka. Kama dirisha ni nyavu tupu, anza na pazia zito. Na ukiwa na jiko la mkaa linalowaka ndani, usizibe chochote: ile hewa ya mkaa inaua watu wakiwa usingizini.